Mapenzi ya Upande Mmoja: Jinsi The Sims Lilivyoyafuta na Watu Wasio na Majina Walivyoyarudisha

Unampenda mtu, yeye hana habari na wewe. Unamwandikia "mambo", anakujibu "poa" baada ya siku mbili. Hali hiyo kila mtu mjini anaijua, haina haja ya kufundishwa. Sasa jaribu kuielezea kompyuta. Asha kwa Juma ni moto wa mia, Juma kwa Asha ni sifuri. Utaandikaje?

Swali hilo limewahangaisha watengenezaji wa gemu la The Sims kwa zaidi ya miaka 20. Na limewahangaisha zaidi watu wengine ambao hawako kwenye orodha ya mishahara ya kampuni: watengeneza modi. Kwa asiyejua, modi ni faili la ziada unaloliingiza kwenye gemu ili libadilike tabia. Wanaoziandika tunawajua kwa majina ya mtandaoni tu, na wengine hata hayo wameshayabadilisha. Kwa hiyo leo simtaji yeyote kati yao. Kazi yao inajieleza yenyewe.

Nyumba iliyoungua

Oktoba 1991 moto uliteketeza zaidi ya nyumba 2,000 kwenye vilima vya Oakland, California. Mmoja wa waliopoteza nyumba ni Will Wright, ambaye tayari alikuwa na jina kwa gemu la kujenga miji, SimCity, la mwaka 1989. Alipoanza kununua vitu upya, akawa anajiuliza kila kitu ndani ya nyumba kina kazi gani hasa kwenye maisha ya mtu. Wazo lake la mwanzo lilikuwa gemu la kujenga nyumba. Wale watu wadogo wa ndani walikuwepo tu kuonyesha kama nyumba inakalika. Mwishowe wao ndo wakawa gemu lenyewe.

The Sims lilitoka Februari 2000, likatengenezwa na Maxis na kuuzwa na Electronic Arts. Ilipofika 2002 lilikuwa limeshakuwa gemu la kompyuta lililouzwa kuliko yote.

Ndani yake, kila mhusika alikuwa na mahitaji 8: njaa, usingizi, usafi, haja, starehe, burudani, watu wa kuongea nao, na mazingira mazuri. Akili kubwa hakuwa nayo. Vitu ndo vilikuwa na akili. Friji linajinadi kama mpiga debe wa daladala: "njaa huku, njaa huku!" Kitanda nacho kinajinadi kwa aliyechoka. Na mtu pia alijinadi kwa mwenzake: njoo tuongee, njoo tucheze, njoo nikukumbatie. Maelekezo hayo yaliandikwa kwa lugha maalumu iitwayo SimAntics, kwa kutumia zana ya ndani iliyoitwa Edith.

Uhusiano ulikuwa namba, kuanzia -100 mpaka 100. Ukimsimulia mtu kichekesho akacheka, namba inapanda. Ukimzaba kofi, inashuka. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo wengi hawakulitilia maanani: zilikuwa namba mbili. Asha ana namba yake kwa Juma, na Juma ana ya kwake kwa Asha. Hazikulazimika kulingana. Yaani tangu siku ya kwanza, mapenzi ya upande mmoja yalikuwemo kwenye msimbo.

Nyongeza iitwayo Hot Date, ya 2001, ikaenda mbali zaidi. Ikagawa kila namba mara mbili: ya leo na ya muda mrefu. Mnaweza kuwa mmegombana asubuhi ya leo na bado mnapendana kwa miaka. Wanandoa wa kweli wanalijua hilo vizuri.

Busu ambalo hakuna aliyelipanga

Kabla gemu halijaingia sokoni, Mei 1999 lilionyeshwa kwenye maonyesho ya E3 kule Los Angeles. Nyuma ya pazia kulikuwa na kituko. Programa mmoja mgeni kazini alikuwa amekabidhiwa waraka wa zamani wa muundo wa mahusiano. Wenzake walikuwa wameshaamua kuondoa mahusiano ya jinsia moja wakihofia mzozo, lakini waraka aliopewa yeye bado ulikuwa nayo. Akaandika kama ulivyosema.

Siku ya maonyesho, tukio lililoandaliwa lilikuwa harusi. Muda wa kumpangia kila mgeni mwalikwa cha kufanya haukutosha, kwa hiyo baadhi yao waliachwa wajiamulie. Mbele ya waandishi wa habari, wageni wawili wa kike wakabusiana. Hakuna aliyekuwa ameliandika busu lile. Masharti na namba ndivyo vilivyoliamua.

Uwe na maoni gani kuhusu tukio lenyewe, somo kwa mtu wa skripti ni lilelile. Ukiandika uhusiano kwenye gemu la maisha, huandiki hadithi. Unaandika sheria, halafu hadithi zinajizalia zenyewe, nyingine mbele za watu.

2004: mji unaokumbuka

The Sims 2 lilipotoka Septemba 2004 lilileta uzee, kurithi sura za wazazi, na kumbukumbu. Mhusika aliyefumania mchepuko aliubeba moyoni kama kumbukumbu. Namba mbili zikaendelea kuwepo, na safari hii ungeweza kuziona kabisa kwenye kidirisha: Asha ana alama ya moyo kwa Juma, ukifungua upande wa Juma hakuna kitu. Mapenzi ya upande mmoja, yamechorwa kwenye skrini.

Hapa watengeneza modi wakachanua. Kampuni haikuwapa zana ya ndani ya kuandikia tabia, kwa hiyo walilifungua gemu wenyewe, faili kwa faili, mpaka wakajua kipande gani kinafanya nini. Wakatengeneza zana yao iitwayo SimPE, wakaigawa bure. Kwa zana hiyo mtu aliweza kufungua faili la mhusika na kuona orodha ya kila anayemjua na namba zake kwa kila mmoja.

Modi moja ya zama hizo ilipata umaarufu mkubwa kwa sababu ilijibu lalamiko la kila siku: wahusika walikuwa waoga mno. Bila wewe kuwasukuma, hawakuanza kutongozana. Mwandishi wake akawapa uwezo wa kujianzia, na akaweka kiwango cha wivu kwa kila mmoja. Kuna anayerusha ngumi akiona mwenzake anashikwa mkono, na kuna asiyejali. Kwa mara ya kwanza mtaa ulianza kuwa na umbea wake bila mchezaji kugusa kitu.

Na kulikuwa na onyo moja ambalo kila mchezaji mkongwe wa Sims 2 analikumbuka: usifute kaburi. Mtu akifa, kaburi lake ndilo linalobeba faili lake. Ukilifuta, faili linaharibika, lakini walio hai bado wana kumbukumbu zake na namba zao kwake. Majina yanaelekeza mahali ambapo hapana mtu tena. Polepole mji mzima unaharibika, na mara nyingi hautengenezeki. Hakuna aliyekusudia liwe fumbo la maisha. Ilikuwa ni jinsi data ilivyopangwa. Lakini ukweli ni kwamba kwenye gemu lile huwezi kumuondoa mtu na kuwaacha waliompenda kama vile hakuwahi kuwepo.

2009: wawili, namba moja

Juni 2009 likaja The Sims 3. Mji mzima ukawa unaishi kwa wakati mmoja, majirani wanaoa na kuhama wakati wewe unapika ugali kwako. Wengi tulifurahi. Lakini chini kwa chini kuna kitu kilikuwa kimebadilika: uhusiano wa watu wawili sasa ulikuwa namba moja, ya pamoja. Mimi naona inaeleweka kwa nini. Mji wote ukiwa unatembea kwa pamoja, kutunza kitu kimoja ni rahisi kuliko kutunza viwili.

Matokeo yake ukiyatazama vizuri ni ya ajabu. Asha akimfumania Juma na mwingine, namba inaanguka. Lakini ni namba ya wote wawili! Kwa hiyo Juma aliyechepuka naye anamchukia Asha, kwa kiasi kilekile. Aliyeumiza na aliyeumizwa wanakasirikiana sawasawa. Anayemzimia mtu kimyakimya naye hawezi kuwepo, maana akimpenda tu, na yule mwingine anapenda hapohapo. Kutoswa kukafutwa. Si kwa mkutano wala tangazo, ni kwa namna ya kuhifadhi namba.

Watengeneza modi wa zama hizi walihama kutoka SimAntics kwenda C#, lugha ambayo maprograma wengi wanaijua, na hilo likawafungulia milango. Mmoja wao aliandika upya kabisa mfumo wa kuendesha maisha ya majirani: nani aoane na nani, nani azae, nani ahame. Mfumo wa kampuni ulikuwa unahamisha familia na kuzaa watoto bila mpangilio. Wa kwake ulikuwa na vipengele vingi vya kurekebisha, mpaka wachezaji wengi wakawa hawawezi kucheza bila huo. Mtu mmoja, jina la mtandaoni, na mitaa ya watu wasiohesabika ikawa inaishi kwa sheria zake.

2014: vipimo viwili na mabandiko

The Sims 4 lilitoka Septemba 2014 likiwa na mapengo. Watoto wadogo wanaojifunza kutembea hawakuwepo mpaka Januari 2017. Mti wa ukoo uliongezwa 2015. Lakini kwenye mahusiano kulikuwa na hatua mbele: vipimo vikawa viwili, urafiki na mapenzi. Mnaweza kupendana sana huku hamwelewani hata kidogo, na wewe mwenyewe hapo tayari una wanandoa kichwani. Hata hivyo vipimo vyote viwili viliendelea kuwa vya pamoja. Asha na Juma bado walikuwa lazima walingane.

Lugha sasa ni Python, na mipangilio mingi ipo kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida. Kwa mtu anayetaka kujifunza, hii ndiyo awamu rahisi kuliko zote zilizopita. Ukiandika uhusiano humo, unashughulika na vitu vinne.

Cha kwanza ni kipimo, ile namba ya -100 mpaka 100. Cha pili ni bandiko: mke, jirani, rafiki wa dhati, adui. Bandiko halina kiasi, lipo au halipo. Cha tatu ni sharti, yaani maswali ambayo gemu linauliza kabla ya kuruhusu kitendo: hawa ni watu wazima? Ni ndugu? Wana bandiko fulani? Cha nne ni matokeo: kitendo kikiisha, kipimo kipande au kishuke kiasi gani, bandiko gani liwekwe au litolewe.

Chukua mfano wa kwetu: utani. Kwenye gemu la kawaida, ukimtukana mtu urafiki unashuka, basi. Watani watakucheka! Ukitaka kuandika utani, unatengeneza bandiko la "mtani". Halafu kwenye kitendo cha kukejeli unaongeza sharti: kama bandiko la mtani lipo, urafiki upande badala ya kushuka. Kama halipo, ugomvi uendelee kama kawaida. Umebadilisha mstari mmoja wa masharti na umeingiza mila nzima ambayo wabunifu wa California hawakuiwaza.

Au chukua mjomba. Kiingereza kinamweka kapu moja na baba mdogo, na gemu likifuata Kiingereza linafanya hivyohivyo. Sisi tunajua hawa ni watu wawili wenye heshima tofauti, na wajibu tofauti mahari inapojadiliwa. Kwa hiyo unahitaji mabandiko mawili, na sharti la kuangalia undugu umepitia kwa mama au kwa baba.

Na hapa ndo kuna utamu. Kila faili la bandiko lina kipengele kinachouliza swali moja: hili ni la pande mbili, au la upande mmoja? Mtani ni pande mbili, mimi mtani wako na wewe mtani wangu. Mjomba ni upande mmoja, maana mimi kwako si mjomba, ni mpwa. Swali hilo liliwekwa kwa ajili ya ukoo, ili mzazi na mtoto wasichanganywe. Lakini kompyuta haijali umelitumia kwa nini. Ukiandika bandiko la "anamzimia" na ukajibu "upande mmoja", Asha anampenda Juma, na Juma hajui lolote. Mlango ulikuwa wazi muda wote.

Watengeneza modi waliupitia, kila mmoja kwa njia yake. Kuna waliotengeneza mvuto unaohesabiwa kwa kila mtu kivyake, kwa hiyo wewe unaweza kumvutia yeye bila yeye kukuvutia. Mwishoni mwa 2020 kampuni yenyewe ikaleta hisia za kudumu: kinyongo, uchungu, shukrani, mahaba. Kila mhusika ana zake kwa mwenzake. Asha anaweza kubaki na kidonda wakati Juma ameshasahau. Ilichukua miaka 11 tangu namba iunganishwe, lakini uchungu ukarudi kwa mwenye uchungu peke yake.

Sharti moja likisahaulika

Kama unadhani masharti ni mambo madogo, kumbuka Julai 2022. Kampuni ilitoa sasisho lililoleta mfumo mpya wa matamanio na hofu. Siku hizohizo wachezaji wakaanza kupiga kelele: wahusika wao wanatamani kutoka kimapenzi na ndugu zao wa damu. Picha zikasambaa, watu wakacheka, wengine wakachefukwa. Marekebisho yalitoka haraka. Swali la "hawa ni ndugu?" lilikuwepo kwenye gemu miaka yote, ila hayo matamanio mapya yalikuwa yanalipita.

Miiko ya jamii sisi tunaibeba bila kuifikiria. Kompyuta haibebi kitu. Kila mwiko lazima mtu auandike kwa mkono, na uandikwe tena kila mlango mpya unapofunguliwa.

Kazi ya bure, na tahadhari

Kila sasisho likitoka, gemu linazima modi zote mpaka uziwashe tena, na zile za skripti mara nyingi zinavunjika. Mtu mwenye kazi yake ya mchana anarudi usiku kurekebisha kitu ambacho hakukiharibu yeye, huku ujumbe unamiminika: "mbona haifanyi kazi?" Katikati ya 2022 kampuni ilisema wazi kwamba modi lazima zipatikane bure. Baada ya kelele, ikaruhusu wanaochangia wazipate mapema kwa muda mfupi, kisha ziwe za wote.

Sehemu ya msingi ya The Sims 4 imekuwa bure tangu Oktoba 2022, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuanza leo. Kwenye PlayStation na Xbox modi haziruhusiwi. Lakini chunga. Modi ya skripti ni programu kamili inayofanya kazi ndani ya kompyuta yako. Mwanzoni mwa 2024 baadhi ya modi zilizopakiwa kwa akaunti zilizodukuliwa zilikutwa na programu za kuiba nywila. Chukua kwa mwandishi mwenyewe, usichukue kwa mtu wa tatu wa tatu.

Kwa nini tujali?

Kwa sababu programu nyingi tunazotumia zinafanya jambo hilihili, ila hatuoni faili. Mtandao mmoja wa kijamii unakulazimisha mkubaliane ndipo muwe marafiki. Mwingine unakuruhusu umfuate mtu asiyekujua kabisa. Hilo nalo ni swali lilelile, upande mmoja au pande mbili, na kuna mtu ofisini alilijibu kwa niaba yako.

Kwenye The Sims angalau waliokuwepo waliofungua faili, wakasoma jibu, wakasema: hapana, watu hawapendani hivyo. Hawakuomba ruhusa na hawakuweka majina yao halisi. Gemu halipo kwa Kiswahili, na mabandiko ya mtani, wifi, shemeji na mjomba bado yanasubiri mtu ayakalie usiku mmoja ayaandike kama tunavyoyaishi.

Wewe ungeandika uhusiano gani kwanza? Na ungeuweka upande mmoja au pande mbili? Shusha komenti hapo chini. Na kama unayemzimia anasoma blogu hii, huo ni mzigo wako.